Kozue Ajifunza Kulia

Bafu la umma la akina Osanai hufunguliwa saa tisa alasiri. Siku hizi nyumba nyingi za hapa Hirosaki, kaskazini mwa Japani, zina bafu ndani, lakini sisi wa mtaa huu bado tunakwenda kwao. Maji yao ni ya moto kwelikweli. Unaingia unatetemeka kwa baridi, unatoka na mashavu mekundu. Unakunywa maziwa baridi ya chupa, unapiga soga kidogo, halafu unarudi nyumbani kulala.

Mimi ni jirani yao, na ninaoga kwao karibu kila siku. Mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Ambayo sikuyaona, Fumie, mwenye bafu, alinisimulia.

Mitsuo Osanai ndiye anayechochea tanuri nyuma ya nyumba. Ni mtu mkubwa, mpole, wa maneno machache. Mkewe, Fumie, hukaa mlangoni kupokea wateja, na huongea kwa niaba ya wote wawili. Hawakujaliwa kupata mtoto. Fumie alipokaribia miaka hamsini, walikubaliana kuomba mtoto wa kulea.

Vuli moja, wakati wa kuchuma matofaa, afisa ustawi wa jamii aitwaye Bi. Kasai aliwaletea Kozue. Alikuwa msichana wa miaka mitatu, mdogo kwa umri wake, mwenye nywele fupi na macho makubwa.

Kozue alizaliwa na msichana mdogo asiye na mume wala ndugu wa karibu. Mama huyo alipokwenda kazini, alimfungia mtoto ndani peke yake. Wakati mwingine alirudi siku ya pili. Mtoto alilia, hakuja mtu. Akalia tena, hakuja mtu. Mwishowe aliacha kulia. Kimya kile ndicho kilichowashtua majirani wakapiga simu. Kozue alipelekwa kwenye makao ya watoto. Huko alishiba na alikuwa msafi, lakini walezi walikuwa wa zamu. Leo huyu, kesho yule.

Siku ya kwanza tu, Kozue alimwita Fumie "mama". Fumie akalengwalengwa na machozi. Lakini jioni ile ile, Kozue aliniita na mimi mama. Akamwita mama mwanamke aliyeleta taulo. Kisha akampanda mapajani mteja mwingine, Bibi Tome, akamwita mama pia.

Bibi Tome ana miaka themanini na zaidi, na ulimi wake haujazeeka.

"Ala! Huyu mtoto hana hata haya," akasema huku akicheka. "Wajukuu zangu wa damu wananikimbia. Huyu ananiparamia kama mti!"

"Ni mwema sana, Bibi," Fumie akasema. "Anakula kila kitu. Hasumbui. Wala halii."

"Halii? Basi umeokota dhahabu, mwanangu. Nyamaza, wasikuonee kijicho."

Wote tulicheka. Siku zile kila mteja alitaka kumbeba Kozue, naye alibebwa na kila mteja.

Siku moja Kozue aliteleza kwenye vigae vyenye maji. Akaanguka kifudifudi, mdomo ukapasuka, damu ikatoka. Sisi wote tuliokuwa upande wa wanawake tukapiga kelele. Kozue hakupiga kelele. Aliinuka, akajifuta damu kwa kiganja, akatabasamu. Hakumtafuta Fumie hata kwa macho.

Fumie alimkimbilia, akamkumbatia. Mwili wa mtoto ulikuwa mgumu kama ubao.

"Huumwi, mwanangu?"

Kozue akaendelea kutabasamu.

Wiki hiyo hiyo, mgeni mmoja aliyekuwa safarini alikuja kuoga. Alipovaa koti lake na kutoka, Kozue alimshika mkono, wakatoka wote. Theluji ilikuwa imeanza kuanguka. Mgeni alifika karibu na kituo cha basi ndipo alipogundua kwamba hakuna mtu nyuma yao. Akarudi mbio.

"Samahani, huyu mtoto ni wenu? Nilidhani mama yake anatufuata!"

Fumie alikuwa ameshaanza kumtafuta mpaka ndani ya hodhi. Alimpokea Kozue, akakaa naye chini pale pale kwenye viatu vya wateja.

"Angeondoka naye, Mitsuo," alimwambia mumewe wakati wa chakula. "Angeondoka na yeyote yule."

"Labda anapenda watu tu," Mitsuo akasema.

"Kama anampenda kila mtu namna moja, mimi ni nani kwake?"

Mitsuo akachukua upawa. Akamwongezea mkewe supu.

Theluji ilipokuwa nzito, Kozue akabadilika. Mtoto mwema akatoweka. Alikataa wali, alikataa samaki, alikataa supu. Alitaka ndizi tu, asubuhi, mchana na jioni. Alimwaga chai kwenye mkeka huku anamtazama Fumie usoni. Alianza tena kujikojolea. Chini ya godoro lake Fumie alikuta vipande vya mkate vilivyoota ukungu. Na kila Fumie alipoinama kumfunga viatu, alimng'ata. Mikono ya Fumie ikajaa alama za meno.

Kisha akamng'ata mjukuu wa mteja, begani. Mama wa yule mtoto alikasirika sana.

"Hapa ni bafuni au ni zizini?" akasema, akamwondoa binti yake nywele zikiwa bado zinadondosha maji.

Mitsuo alisikia maneno hayo kutoka nyuma. Akaingia, sisi tukajifunika mataulo, na kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, alipaza sauti.

"Kozue! Acha!"

Kozue akaganda. Mikono ikashuka, macho yakawa kama hayaoni. Kisha akajipenyeza chini ya rafu ya vikapu vya nguo, akakaa humo kimya mpaka tulipomaliza wote kuvaa. Mitsuo alipiga magoti mbele ya rafu, mtu mzima na mwili wake ule, akimwita kwa sauti ndogo. Mtoto hakutoka.

"Mnamdekeza," Bibi Tome akatoa hukumu. "Mfungieni kabatini kidogo, atanyooka. Sisi tulifungiwa ghalani na panya, na mbona tumekuwa watu?"

"Alishafungiwa vya kutosha, Bibi," Fumie akajibu.

Siku ya pili alimpigia simu Bi. Kasai. "Nadhani sisi hatufai," akasema. "Anatuchukia. Labda familia nyingine itamweza."

"Msiamue lolote leo," Bi. Kasai akamjibu. "Nakuja."

Alifika kabla bafu halijafunguliwa. Ni mwanamke mnene, mchangamfu, anayevua viatu huku anaanza kuongea. Walikaa karibu na jiko la mafuta. Mitsuo alimenya tofaa. Kozue alikuwa pembeni akipanga mabeseni.

"Nielezeni yote," Bi. Kasai akasema. "Mabaya kwanza."

Fumie alieleza. Kuhusu ndizi, kung'ata, mkate chini ya godoro. Alipomaliza, Bi. Kasai hakuonyesha kushtuka.

"Zamani alikuwa hivi?"

"Hapana! Alikuwa mtoto mwema ajabu. Alitabasamu kwa kila mtu. Hata alipopasuka mdomo hakulia."

"Mimi kilichonitia wasiwasi ni wakati ule," Bi. Kasai akasema. "Mtoto wa miaka mitatu akiumia, humkimbilia mtu wake. Kozue hakuwa na mtu wake. Ndiyo maana alimwita kila mtu mama. Alikuwa akitafuta wa kumlisha siku hiyo tu, maana hakujua kama kesho mtakuwepo."

Mitsuo akaacha kumenya. "Lakini alikuwa mchanga kabisa wakati ule. Anawezaje kukumbuka?"

"Hakumbuki kwa maneno. Kichwa na mwili ndivyo vinavyokumbuka." Bi. Kasai akaelekeza kidole dirishani. "Mnaona ile njia ya watu kwenye theluji? Nani aliitengeneza?"

"Hakuna. Watu wanapita tu."

"Ubongo wa mtoto mchanga hujengwa hivyo hivyo. Miaka ile ya mwanzo ndipo unapokua kwa kasi kuliko wakati wowote. Mtoto analia, mtu anakuja. Analia tena, mtu anakuja. Kila mara njia inakanyagwa, inakuwa imara. Anajifunza kwamba watu wanasaidia. Anajifunza kutulia, kwa sababu ametulizwa. Mtoto akilia na hakuna anayekuja, njia hiyo haikanyagwi. Ya hofu ndiyo inayokanyagwa kila siku. Mwili unazoea kukaa macho, tayari kwa hatari. Kelele kidogo tu, na yeye yuko vitani. Ndiyo maana anang'ata. Ndiyo maana baba alipopaza sauti aliganda."

Mitsuo akainamisha kichwa.

"Usijilaumu, hukujua," Bi. Kasai akamwambia. "Wala tusimlaumu sana mama yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na hakuna aliyemsaidia. Naye alihitaji mtu."

"Kwa hiyo ubongo wake umeharibika?" Fumie akauliza. Hilo ndilo swali lililokuwa likimsumbua.

"Umejifunza mambo ya mahali pa hatari. Sasa lazima ujifunze mambo ya mahali pa salama. Bado ni mdogo, ubongo wake unakua bado. Lakini itachukua muda, na siwezi kukuahidi kwamba kila kitu kitakwisha. Watoto hawafanani."

"Na mbona sasa ndiyo ameharibika tabia? Mbona si mwanzoni?"

Bi. Kasai akatabasamu. "Kwa sababu ameanza kuwatumaini, na matumaini hayo yanamwogopesha. Anawauliza swali moja tu: 'Nikiwa mbaya hivi, mtanirudisha?' Hajui kuuliza kwa mdomo, anauliza kwa meno."

Fumie akatazama mikono yake yenye alama. Akaanza kulia. Kozue akainua kichwa, akamtazama, akarudi kwenye mabeseni yake.

"Basi tumjibuje?" Mitsuo akauliza.

Bi. Kasai akawaeleza polepole. Fumie awe ndiye wa kumlisha, kumvisha na kumlaza, kila siku kwa mpangilio ule ule. Akianguka wamwendee, hata kama hakuwaita. Akiwaka hasira wakae chini karibu naye, wamzuie asiumize mtu, waongee kwa sauti ya chini, wasimfungie wala kumpiga. Wakiondoka waseme wanakwenda wapi na watarudi lini, halafu warudi kama walivyosema. Waweke kikapu cha chakula anapokifikia, ajue hakiishi. Akitaka kuwa mtoto mchanga, wamwache awe.

"Mchanga?" Fumie akashangaa. "Juzi aliomba chupa ya kunyonyea. Nikamwambia yeye ni mkubwa."

"Mpe. Utoto ule hakuupata. Na wateja wako wakomeshwe kumbeba. Wamsalimie, wacheke naye, lakini akitaka kubebwa wamwambie, 'Nenda kwa mama.' Lazima ajue mama ni yupi."

Kisha akawageukia wote wawili. "Na ninyi mpumzike kwa zamu. Mtu aliyechoka hawezi kumtuliza mtu. Mkizidiwa, nipigieni mapema, msisubiri mpaka mfikirie kumrudisha."

Jioni ile Fumie alitutangazia sote kwenye chumba cha kuvalia nguo. Wengi tulikubali. Bibi Tome alikasirika.

"Umri wangu wote sijamfukuza mtoto mapajani kwangu! Leo nianze?"

"Humfukuzi, Bibi. Unamwelekeza kwangu."

"Mambo ya vitabu hayo."

Lakini Kozue alipomjia na kunyoosha mikono, Bibi Tome aliifungia mikono yake mwenyewe kwenye taulo ili isimponyoke. "Nenda kwa mama," akasema kwa uchungu, kama mtu anayemeza dawa. "Yule pale. Yule mwenye kelele."

Ndivyo walivyoanza. Fumie alimpakata Kozue na kumpa maziwa kwa chupa, mtoto wa miaka mitatu na miguu imening'inia. Mwanamke mmoja akacheka.

"Unacheka nini?" Mitsuo akauliza kutoka mlangoni. "Anaanza upya. Wewe hukunyonya?"

Hatukuwahi kumsikia Mitsuo akimjibu mteja. Hakuna aliyecheka tena.

Mitsuo naye alikuwa na kazi yake. Kila alipokwenda kuchochea tanuri alisema, "Baba anakwenda kuweka kuni. Anarudi sasa hivi." Akaenda. Akarudi. "Baba amerudi." Mwanzoni Kozue hakujali. Baadaye akaanza kusimama karibu na mlango wa nyuma. Kisha siku moja, kabla Mitsuo hajafungua mdomo, Kozue akasema, "Baba amerudi." Mitsuo alirudi kwenye kuni zake mara nyingi mno siku ile. Maji yalichemka hata hatukuweza kuingia.

Haikuwa rahisi. Kuna siku Kozue alirusha beseni likampata mteja kichwani. Kuna siku alilala chini akipiga mateke, na Fumie alikaa kando yake kwenye vigae vya baridi akirudia, "Umekasirika. Mama yupo hapa. Umekasirika. Mama yupo hapa." Siku nyingine Fumie mwenyewe aliishiwa nguvu, akamwita mumewe, akavaa koti na kutembea kidogo nje ili asipaze sauti. Nilimkuta njiani, nikatembea naye bila kuuliza kitu.

Mkate chini ya godoro ulipungua. Kisha haukuonekana tena. Kozue akaanza kula wali, punje chache, kisha bakuli.

Mwishoni mwa majira ya baridi, jino lilimsumbua Fumie mpaka shavu likavimba. Ilibidi aende kwa daktari. Akapiga magoti mbele ya Kozue.

"Mama anakwenda kwa daktari wa meno. Atarudi kabla bafu halijafunguliwa. Utabaki na baba."

Kozue akaitikia kwa kichwa, akaendelea kucheza. Fumie akaondoka.

Kwa daktari kulikuwa na foleni. Simu ya Fumie ikalia akiwa bado amekaa kitini. Alikuwa Mitsuo. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kelele za ajabu.

"Fumie! Unasikia?"

"Kuna nini? Nani kaumia?"

"Hakuna aliyeumia! Ni Kozue. Analia!"

"Analia nini?"

"Anakulilia wewe! Yuko dirishani anaita 'mama, mama'. Nilimwambia mimi nipo, akasema hanitaki mimi. Hanitaki mimi, Fumie!" Mitsuo alikuwa akicheka na kulia pamoja. "Nifanye nini?"

"Mbebe!" Fumie akapiga kelele, na watu wote kwenye foleni wakageuka. "Mwambie ninakuja!"

Jino lilibaki mdomoni siku ile. Alikimbia na shavu lake lililovimba, akiteleza kwenye barafu, akikata kona zote kwa bahati tu. Alipofungua mlango, Kozue alimrukia, akampiga ngumi za kifuani.

"Ulikwenda! Ulikwenda!"

"Nilikwenda, mwanangu. Nimerudi."

Ndipo Kozue akamshika shingo na kulia kwa sauti kubwa, makamasi na machozi, mwili mzima umelegea juu ya bega la mama yake. Safari hii hakuwa mgumu kama ubao. Alilia kilio cha siku ile, na nadhani alilia pia vilio vya zamani ambavyo hakuna aliyeviitikia.

Saa tisa ikapita. Sisi wateja tulikuwa nje, na mabeseni yetu mikononi, miguu ndani ya theluji. Bibi Tome akagonga mlango kwa fimbo yake.

"We Mitsuo! Mnataka tufe hapa? Fungua!"

Mitsuo akachungulia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Samahani, subirini kidogo. Mtoto analia."

"Nani analia? Yule asiyelia?"

"Ndiyo. Amemlilia mama yake."

Bibi Tome akasogeza sikio mlangoni. Kutoka ndani tulikisikia kile kilio. Akatugeukia sisi wote tuliokuwa tukinung'unika.

"Mmesikia au hamjasikia? Mtoto analia. Nyamazeni huko!" Akamwambia Mitsuo kwa upole, "Funga mlango, baridi inaingia. Mwacheni alie mpaka amalize. Sisi tutasubiri."

Tukasubiri. Theluji ilitujaa kichwani, na hakuna aliyeondoka.

Sasa Kozue ana miaka mitano na anakwenda chekechea. Bado ana siku zake ngumu. Kelele za ghafla humshtua, na mabadiliko ya ratiba humvuruga. Lakini sasa anaweza kusema "nimekasirika" badala ya kung'ata, na ana rafiki mmoja wanayegombana na kupatana kila siku. Mwalimu wake ameelezwa habari zake, naye humtuliza kwanza ndipo humfundisha. Yule mama aliyeondoka kwa hasira amerudi, na binti yake na Kozue huoga kwenye hodhi moja.

Majuzi Bi. Kasai alikuja kuwatembelea. Akafungua mikono yake. "Kozue! Njoo nikusalimie!"

Kozue akarudi nyuma. Akajificha nyuma ya Fumie, akashika sketi yake kwa mikono miwili, akachungulia kwa jicho moja.

"Simjui huyu," akanong'ona.

Fumie akaona aibu. "Samahani sana, Bi. Kasai. Si adabu. Kozue, msalimie!"

"Mwache, mwache kabisa," Bi. Kasai akasema. Akakaa chini akavua skafu yake, na uso wake ulikuwa umejaa furaha. "Sijawahi kunyimwa salamu nikafurahi hivi."